Tangi Nililoliosha Mara Saba

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema ili anayesoma asinihurumie bure. Hasira zangu si za kupiga wala kuvunja vitu, ni za mdomo: zinanipanda, nasema, kisha zinashuka na neno limeshatoka. Mama yangu akiniita moto wa makuti, na akicheka anaponiita hivyo. Kwa mengi niliyoyaharibu maishani nina kisingizio cha hasira. Kwa hili sina, maana nililifanya kwa utulivu, mchana kweupe, nikiamini natenda jambo la kheri.

Kwetu ni Jambiani. Nina pikapu kuukuu ya dizeli, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kubeba magunia ya mwani wa kina mama wa pwani yetu na kuyapeleka mjini. Mama yangu alikuwa mmoja wa kina mama hao. Alifunga mwani kwenye kamba tangu mimi sijaota ndevu, maji yakimfika kiunoni, mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu kama ya kisigino. Kisha figo zake zikakataa kazi. Hakukuwa na kishindo chochote. Alianza kuvimba miguu, akasema ni chumvi ya bahari, tukamwamini, na tulipokwenda kupima tukaambiwa zimekwisha zote mbili.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa mashine. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zamu yake saa sita mchana, analazwa hospitali mjini na damu yake inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Dada yangu anaishi Mji Mkongwe, chumba cha ghorofa ya tatu, na alimwita mama akakae naye. Tulijaribu mara moja. Ngazi za nyumba ile ni za mbao na zimesimama wima. Mama alipofika ya nne alikaa chini akalia, akasema, "Nirudisheni kwangu, msije mkaniteremsha humu kwa jeneza." Tukamrudisha Jambiani. Kwa hiyo mara tatu kwa wiki nikawa mimi na yeye na barabara. Kwenda alikaa mbele nami. Kurudi alikuwa hajiwezi, nikimtandikia godoro nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, na humo ndimo alimosali Alasiri yake akiwa amelala.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote ni maji. Mgonjwa wa figo hanywi anavyotaka. Mama alipimiwa maji yake kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho mkono, na akikizungusha kwa dakika nyingi kabla ya kukimaliza. Mwanamke aliyeshinda ndani ya maji umri wake wote! Nilikuwa nikitoka nje nisimwone.

Basi ukaja wakati mafuta yakakatika. Anayeishi kisiwani anajua: siku moja unasikia vituo viwili vimefunga, siku ya pili kila penye pampu pana foleni mpaka kwenye kona. Jumatano moja tulitoka nyumbani mapema, tangi likiwa karibu tupu, nikaingia foleni na mama pembeni yangu. Jua likapanda. Nilishuka nikagombana na watu watatu, mmoja wao hakuwa amefanya lolote. Tulipofika hospitali zamu ya mama ilikuwa imeshaliwa nusu, na nyuma yake wapo wagonjwa wengine wanangoja mashine hiyohiyo. Wauguzi walimpa muda uliobaki, wangefanya nini zaidi? Siku hiyo muuguzi mmoja aliniweka kando akaniambia, "Kaka, huyu mama hana nafasi ya kukosa. Maji yakizidi yanapanda mpaka kwenye mapafu." Maneno hayo nilitoka nayo mpaka nje ya geti na sikuweza kuyashusha.

Wakati mama yumo kwenye mashine nikashuka Malindi, mtaa wa bandarini. Nilikwisha kuamua: ntaweka tangi la pili nyuma ya gari. Nilijaze siku yanapopatikana mafuta, na foleni wakae wenye nafasi ya kukaa.

Nyuma ya bandari, kwenye kichochoro cha mafundi, palikuwa na fundi mmoja mwenye yadi ya vyuma chakavu. Mtu mrefu, mpole, Mkristo. Babu yake alitoka bara kuja kupakua mizigo bandarini, na yeye amezaliwa hapohapo mjini, anasema Kiunguja kizuri kuliko changu. Nilikuwa nikimpelekea gari mara kwa mara. Alinisikiliza haja yangu mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniongoza nyuma.

Tangi lilikuwa la lori lililokufa zamani. La chuma, la mraba, limebonyea ubavu mmoja, rangi ya kijani inabanduka. Halikuwa na kifuniko. Na juu yake alikuwa amelala mbwa.

Mbwa wa rangi ya mchanga, mzee, wa ulinzi wa yadi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na pale penye mdomo wa tangi palikuwa na kibonde kilichojaa maji. Mbwa aliinua kichwa, akanitazama, akayalamba maji yale, ulimi unapita mpaka kwenye ukingo wa tundu. Fundi akamfukuza kwa mkono, mbwa akateremka. Mimi niliona kila kitu. Nikajifanya sikuona, maana tangi nilikuwa nimeshalipenda.

Fundi alifanya kazi ambayo mpaka leo naieleza kwa adabu. Alilisuuza kwa dizeli, si kwa maji, akaligeuza huku na huku, akamwaga, akasuuza tena. Akaliziba matundu yote, akalipaka povu la sabuni kwenye viungo na kulitia upepo ili aone kama linavuja. Akakata vyuma vya kona, akatandika mpira wa tairi chini yake lisisuguane na bodi, akalitafutia kifuniko, akalifunga kwa bolti nne. Kutoka chini yake akashusha mpira wa mafuta mpaka kwenye tangi la gari, na katikati akaweka koki.

"Ukiona ya chini yanakaribia kwisha, fungua hii. Yatashuka yenyewe," akanambia. Kisha akaniangalia machoni. "Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Ndani ya tangi hili maji yasiingie. Hata tone. Ukihisi lina uchafu, niletee mimi."

"Mimi si mtoto mchanga, fundi," nikamjibu.

"Sijasema u mtoto. Nimekuomba."

Mama alitoka hospitali amechoka, akalala kwenye godoro pembeni ya tangi, hakuuliza kitu. Kesho yake, Alkhamisi, alikuja mwenyewe uani kwa hatua zake za polepole kulitazama. Akalipapasa kama anavyopapasa kitambaa dukani. Nilikuwa najisikia mwanamume kweli siku hiyo, nasubiri anisifu.

"Kuna manyoya hapa," akasema.

Nikajifanya nakaza bolti.

"We mwana we. Manyoya ya nini haya?"

"Ya mbwa, mama. Huko yadi kuna mbwa, alikuwa amelilalia."

"Lahaula! Na wewe ukaniwekea ubavuni kwenye godoro langu ninalosalia?" Hakukasirika. Ilikuwa afadhali angekasirika. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyeongezewa mzigo mwengine. "Lioshe, mwanangu. Unajua linavyooshwa."

Nilijua. Kila mtoto aliyekaa chuoni kwetu kusoma Kurani anajua: palipoguswa na ulimi wa mbwa paoshwe mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Nikaosha bodi yote. Nikaosha godoro, nikaosha tangi nje. Kazi ilikuwa imekwisha, na lau ningeishia hapo mama yangu ningemwona leo.

Lakini nikakumbuka ule ulimi kwenye ukingo wa tundu. Maji aliyoyalamba yalikuwa yakidondokea ndani, nikajiambia. Kwa hivyo ndani nako ni najisi. Na mafuta yatakayotiwa humo yatakuwa najisi, na gari litakalokwenda kwa mafuta hayo ndilo linalompeleka mama yangu kusafishwa damu. Unaona akili ya mtu aliyebanwa inavyokwenda? Nilikuwa sitafuti tena usafi, nilikuwa natafuta baraka. Nilikuwa naogopa mama atakufa na nikataka kusiwe na kitu chochote kwangu cha kumzuilia Mungu asinisikie. Baadaye sana nilimwuliza mwalimu wetu wa chuo, akanishangaa. "Fundi si alilisuuza? Na mbwa aliingia ndani? Sasa wewe ndani ulikwendea nini?"

Nikafungua bolti nne, nikalishusha tangi peke yangu, nikaliburura mpaka kisimani. Ardhi ya kwetu ni mawe na mchanga mweupe, udongo hasa hakuna. Ila mama alikuwa na gunia la udongo mwekundu nililomletea kutoka mashamba ya ndani kwa ajili ya miasumini na mirehani yake. Nikauchekecha, nikauchanganya na maji ndoo nzima, nikaumimina ndani. Nikaliviringisha tangi uani, kushoto, kulia, nikisikia tope linavyopiga pande zote. Nikamwaga. Kisha maji matupu mara sita, nahesabu kwa sauti. Sauti ya fundi niliisikia kichwani, sikatai. Nikajiambia, yeye atajuaje mambo yetu?

Nililianika juani kutwa. Jioni nikalichungulia kwa tochi, nikaona sehemu inayoonekana inang'aa. Nisichokijua ni kwamba matangi ya malori yana kuta ndani, za kuzuia mafuta yasicheze, na nyuma ya kuta hizo tochi haifiki. Nikalifunga mahala pake.

"Ahsante, mwanangu," mama akasema. "Sasa ntasali kwa raha." Na mimi nililala usingizi mzuri kuliko siku nyingi.

Ijumaa tulikwenda kwa mafuta ya tangi la chini, tukafika mapema, mama akapata saa zake zote. Mjini mafuta yalikuwa yameingia, nikalijaza tangi jipya mpaka shingoni. Kurudi alisali nyuma akiwa na furaha, nilimsikia akivuta uradi wake wa tasbihi kwa sauti. Baada ya hapo zikaja siku mbili zisizo na mashine, ambazo kwa wagonjwa wale ndizo siku mbaya. Jumapili aliegemea mito mitatu, na kikombe cha kahawa alikiacha nusu kwa hofu.

Jumatatu tukatoka saa tatu asubuhi. Tulipoingia msitu wa Jozani mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka, nikasimama, nikafungua koki, nikapanda tena. Nilimwambia mama, "Leo hatujui foleni." Akacheka kidogo. Tukaenda kama dakika tano hivi. Gari likakohoa, likavuta, likakohoa tena, kisha likazima katikati ya miti.

"Lina nini?"

"Limezima, mama. Naangalia."

Nilifungua mpira unaoingia kwenye chujio la dizeli. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikakitia kidole, nikakisugua. Chenga. Nikajua palepale, sikuhitaji kuambiwa na mtu.

"Kumekuwaje?" mama akauliza kupitia dirishani.

Hapo ndipo niliposema neno ambalo nimekuwa nalo mpaka leo. Sikulisema kwa hasira, ingawa nilijifanya nina hasira. "Huyu fundi! Kafunga kazi ovyo. Mtu anayelala na mbwa, ungetegemea nini?"

"Usimtukane mtu," mama akasema. "Labda hakujua."

Nikaanza kusafisha chujio. Maji ya mama ya kutilia udhu yalikuwa kwenye chupa nyuma ya kiti, nikayachukua yote nikayatumia kusuuzia kikombe cha chujio, kana kwamba sijajifunza. Gari ndogo ikasimama, mume na mke, nyuma nafasi tupu. "Mna mgonjwa?" mwanamke akauliza. "Tumchukue?"

Nikawaambia, "Ahsanteni, naliwasha sasa hivi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu si la kuficha: yule mume alikuwa ameshafungua mlango ashuke atazame, na mimi sikutaka aseme mbele ya mama, "Mbona huu ni udongo?" Walipoondoka mama akasema taratibu, "Si wangenichukua tu?" Nikamwambia dakika tano. Dakika tano hizo zikawa saa nzima, na baada yake nyengine. Kila nikipiga stata lilishika kidogo, likavuta tope jipya, likafa. Magari yakapita, mengine yamejaa, mengine ya watalii, mengine sikuyanyoshea hata mkono.

Adhuhuri ikaingia. Mama alifungua mlango, akatoa miguu nje, imevimba mpaka viatu havikuingia. Akauliza maji yake. Nikamwambia yamekwisha.

"Basi niletee udongo, mwanangu. Udongo safi, ntatayamamu."

Nikaenda ukingoni mwa barabara, nikapekua majani makavu, nikachota udongo mwekundu kwa viganja viwili. Nikamletea. Akaupiga kwa mikono yake iliyovimba, akajipangusa uso, akaupiga tena, akajipangusa mikono. Mimi nimesimama mbele yake na udongo viganjani, siwezi kumtazama na siwezi kuondoka mpaka amalize. Akasali amekaa. Katikati ya sala nilisikia pumzi yake inatoa sauti, kama mtu anayevuta maji ya kisima kwa mdomo.

Hapo nikasimama katikati ya barabara na mikono juu. Lori la mchanga likapiga breki mbele yangu, dereva akanitukana, kisha akamwona mama na akashuka kunisaidia kumpandisha. Tulifika hospitali Alasiri ikikaribia. Walimpokea mbiombio, wakampa hewa, wakamweka kwenye mashine. Daktari alinambia baadaye kwamba moyo wa mama ulikuwa umechoka siku nyingi na usingehimili muda mrefu hata hivyo. Alinambia kwa wema. Mimi nilikuwepo Jozani, yeye hakuwepo.

Jumanne fundi alinikuta kwenye gari, alikuja na vespa yake na masanduku ya vifaa. Nilimpigia simu, sikuwa na wa kumpigia mwengine. Akafungua chujio, akalimimina kwenye kitambaa cheupe. Tope jekundu likabaki juu yake. Akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ulitia maji?"

"Nilitia."

"Na huu ni nini?"

"Udongo."

Akangoja niendelee. Nisingeweza kumwambia. Nimwambieje mtu aliyenifanyia kazi kwa usafi ule kwamba nilikwenda kukitoharisha kitu chake? Akashusha tangi, akaliweka pembeni, akasafisha gari kutwa nzima pale msituni bila ya kuuliza tena. Alichosema ni, "Mama vipi?" Nikamwambia yuko wodini.

Na huko wodini uongo wangu ulikuwa umetangulia. Dada yangu aliupokea kwa mama, akawapa jirani zake, nao wakawapa watu wa Jambiani waliokuja kumtazama. Kila anayeingia anasema, "Yule fundi wenu kafanya nini, jamani?" Wengine wakaongeza yao: watu hawa hawana uchungu na watu wetu, na mengine nisiyotaka kuyaandika. Nilikaa kitandani kwa mama nikayasikia yote. Ningeweza kuyazima kwa sentensi moja. Kila siku nilijiambia kesho.

Alkhamisi mama alinishika mkono. Sauti ilikuwa imebaki ndogo. "Yule fundi umsamehe. Usibaki na kinyongo na mtu kwa ajili yangu."

"Nshamsamehe, mama," nikamwambia.

Alifariki Jumapili alfajiri, dada yuko kushoto, mimi kulia. Tulimzika Jambiani baada ya Adhuhuri.

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Uwanja ulikuwa na watu wengi, wanaume kwenye majamvi, wali umeshaanza kupakuliwa, ndipo ikaingia vespa. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Watu wakageuka, wakamwangalia, hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Niliinuka, nikamchukua mpaka chini ya mlimao ambako birika na beseni ya kunawia mikono vilikuwepo, nikachukua birika mwenyewe.

"Pole, kaka," akanambia. "Alikuwa mama yetu."

"Umesikia wanayosema kuhusu wewe?"

"Nimesikia. Mama mwenyewe alinipigia, Ijumaa. Simu ya dada yako."

"Alikwambia nini?"

"Alinambia, mwanangu, ile kazi uliyoifunga vibaya nimeshakusamehe, na nyinyi mtusamehe kwa maneno tuliyokusemeni. Nikamwambia, niwie radhi, mama, ni kweli nilikosea."

"Lakini hukukosea!"

"Sikukosea."

"Sasa kwa nini, fundi?"

"Mtu yuko pale, pumzi hana, ananipa msamaha. Nimrudishie? Nimwambie aliyekosea ni nani?" Akaangalia chini. "Lala salama, nikamwambia. Akakata simu."

Nilitaka kulia, na nililia, mbele ya majamvi yote na wala sikujificha. Kisha fundi akauliza, kwa upole, kama anayeuliza habari ya spea: "Kitu kimoja tu ndicho sijakielewa mpaka leo. Udongo ulikuwa wa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbwa, ulimi, mama na godoro lake, chuo tulichosoma, mara saba na ile moja ya udongo. Sikumficha hata kwamba nilimkumbuka na nikasema atajuaje mambo yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku ile yadini. Uso wake haukubadilika sana, ila macho yalihama kutoka kwangu yakaenda kwenye sinia za wali, ambapo watu wanne wanne walikuwa wanaanza kula kwa mikono pamoja.

Akakunja mikono ya shati lake jeupe. Akainyosha juu ya beseni, mikono mikubwa yenye weusi wa dizeli kwenye kucha usiotoka kwa sabuni yoyote. Nikaanza kummiminia.

"Mimi ninawe mara ngapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua ili aketi na watu bila ya kumuudhi mtu. Nilifungua mdomo, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, na halikutoka. Nikaendelea kumimina mpaka birika likaisha.